Vitabu viwili vilivyonifanya nichelewe kufungua genge

Leo hatuongelei kupanga bidhaa wala kutafuta wateja. Leo tunaongelea vitabu. Najua kuna mtu ameshasema, "Mimi muuza nyanya, vitabu vya nini?" Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Soma mpaka mwisho, somo hili lina hela ndani yake, na lina mtoto.

Nina genge hapa Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo. Mwaka jana mtaji uliyumba, nikachukua mkopo wa shilingi 300,000, ile mikopo tunayoiita kausha damu. Rejesho ni 15,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu: 390,000. Na faida yangu siku nzuri ni 18,000, siku mbaya 9,000.

Ili nisikose rejesho, ikabidi genge lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, wakati mimi niko mjini nafuata mzigo. Nani anafungua? Binti yangu wa kidato cha pili. Mwanzoni alikuwa anachelewa shule. Baadaye siku nyingine haendi kabisa. Nikawa najiambia, "Si mbaya, anajifunza biashara."

Sasa nina jirani yangu, mwalimu mstaafu, mteja wangu wa mchicha. Siku moja akaniletea vitabu viwili. "Mama, mchana wateja wakipungua usishike simu tu. Shika na hivi." Nikasema, "Asante mwalimu," nikaviweka kwenye kreti la vitunguu. Vilikaa pale wiki nzima.

KITABU CHA KWANZA: PEPONI

Kimeandikwa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili, kikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Ni hadithi ya zamani za Mjerumani. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo inayosuasua, na ana deni kwa tajiri mmoja wa pwani anayeitwa Aziz. Yusuf anampenda sana huyo Aziz, kwa sababu kila akija kwao humpa hela. Siku moja anaambiwa anasafiri naye. Wanapanda treni mpaka pwani, na mtoto anawekwa dukani. Pale anamkuta kijana mwingine, Khalil, ambaye naye aliletwa kwa deni la baba yake. Khalil ndiye anayemfumbua macho: huyu si ami yako, wewe uko hapa kwa sababu ya deni.

Yaani mtoto amewekwa rehani kama tunavyoweka redio.

Nilimchukia sana yule baba. Nikasema kwa sauti, mzazi gani huyu? Siku hiyo nilikuwa nimewahi kurudi na mzigo. Nikainua macho kutoka kwenye kitabu. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, na binti yangu yuko mbele yangu na sketi ya shule, anapima viazi.

Nilifunga kitabu.

Katikati ya hadithi kuna msafara mrefu wa kwenda bara, ulinichosha kidogo. Misafara ya namna hiyo ndiyo iliyoijenga Bagamoyo, hapo tu mwendo wa daladala moja kutoka kwetu. Lakini ndani yake kuna somo la biashara: mtawala mmoja wa huko, Chatu, anamnyang'anya Aziz mali yote, kwa sababu kabla yake alipita mfanyabiashara mwingine akamdhulumu. Unaona? Ukimpunja mteja leo, anayekuja kulipia ni mwenzako.

KITABU CHA PILI: WASIFU WA SITI BINTI SAAD

Hiki ni cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, na kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa muuza vyungu, akitembeza bidhaa yake mpaka mjini. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na kupiga muziki. Mwaka 1928 akafika Bombay, India, kurekodi santuri.

Sifa ndani ya kitabu ni nyingi mno kwangu. Nilitamani nisome zaidi habari za vyungu. Ila jambo moja limenikaa: Siti alipoona ana kipaji, alikwenda kwa mtu anayejua, akafundishwa. Na binti yangu mimi nilikuwa namwondoa kwa walimu wake.

NILIFANYA NINI

Nilibakiza marejesho 11, yaani 165,000. Nikauza friji yangu ndogo ya soda kwa 180,000, nikamaliza deni. Jioni binti akaniuliza, "Mama, sasa kesho nani anafungua?" Nikamwambia, "Kesho hafungui mtu. Wewe nenda shule."

Sasa hivi nafungua saa tatu nikirudi na mzigo. Wateja wa asubuhi wamehamia kwa jirani, na soda za baridi siuzi tena. Inauma, siwadanganyi.

YA KUONDOKA NAYO

1. Rejesho lipime kwa faida, si kwa mauzo. Likimeza faida ya siku mbaya, huo mkopo haukufai.

2. Kabla ya kusaini jiulize: nikishindwa, nani mwingine nyumbani atalipa, na atalipa kwa kitu gani?

3. Anzia kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Pia ulizia halmashauri: hutengwa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

4. Azima kitabu. Kurasa tano kwa siku zinatosha, hata ukiwa umekaa juu ya kreti.

Na wewe mwenzangu, nani anafungua biashara yako asubuhi? Tuandikie hapo chini, na mtumie somo hili mwenzako mwenye mkopo.