Maji ya Urea si Mbolea: Somo kwa Makatibu wa Vyama

Msimu wa korosho unapoanza, malori madogo husafirisha mazao kutoka vyama vya msingi vya Nachingwea na Ruangwa kwenda maghala makuu. Malori mengi ya zamani yana tangi la dizeli tu. Baadhi ya yale mapya yana pia tangi dogo lenye kifuniko cha buluu, la maji ya urea ambayo madereva huyaita AdBlue. Chama kinachonunua au kukodi lori la namna hiyo hakina budi kuyaelewa.

Kazi yake
Ni urea safi asilimia 32.5 iliyoyeyushwa katika maji yaliyosafishwa. Hunyunyizwa katika bomba la moshi, hugeuka amonia kwa joto, na kuifanya hewa ya sumu itokayo katika injini kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke.

Kipimo chake
Kwa kawaida hutumika lita 2 hadi 5 kwa kila lita 100 za dizeli. Lori lililojaa magunia, likipita mchangani au kupanda mlima, hula dizeli zaidi, na maji ya urea huongezeka pamoja nayo. Kwa hiyo katibu asipime kwa kilomita peke yake, bali kwa dizeli. Tuseme lori limetumia dizeli lita 240 kwa mwezi: maji ya urea yatarajiwe kuwa kati ya lita 4.8 na 12. Daftari likionyesha lita 20, ichunguzwe kama yanavuja, yanaibiwa au yameandikwa vibaya. Likionyesha lita 1 tu, fundi aitwe.

Hadhari
Asitokee mtu akakoroga mbolea ya urea ya shambani ili kupunguza gharama. Mbolea hiyo ina uchafu unaoharibu kifaa cha kusafisha moshi, na bei ya kifaa hicho ni mzigo kwa wanachama wote. Maji haya yasitiwe katika tangi la dizeli. Yahifadhiwe kivulini, katika chombo kilichofungwa, kwani joto linalozidi nyuzi 30 huyaharibu mapema. Yakiisha kabisa, malori mengi ya aina hii hupungua nguvu au hukataa kuwaka tena yakizimwa, na korosho za wakulima hulala njiani.

Maswali ya majadiliano
1. Je, daftari la lori la chama lina safu ya maji ya urea kando ya dizeli?
2. Nani hulikagua, na kila baada ya siku ngapi?