Mpe Kazi Kabla ya Kumpa Kipaza Sauti

Hapa Bunia, jimboni Ituri, hatukosi semina za uongozi wa vijana. Mashirika huja, hukodi ukumbi, hugawa daftari, kalamu, soda na fulana, picha hupigwa, watu hutawanyika. Kijana anarudi kwao Mudzipela au Nyakasanza akiwa amekariri sifa za kiongozi bora kwa Kifaransa, lakini mpeleke kwa shefu wa kartie akaulize kwa nini bomba la maji limefungwa, utaona ulimi unavyomganda.

Mimi hukaa na vijana wa miaka 13 hadi 18 kila Jumamosi mchana kwenye uwanja wa parokia. Wapo wa mjini, wapo wa kambi ya waliohama makwao pale Kigonze, na wapo waliokuja kusoma kutoka Komanda, Marabo na Gety, huko kwetu Irumu. Kutokana na kukaa nao naamini jambo moja: kijana hapati sauti kwa kufundishwa kusema. Anaipata akiwa na kazi ya kweli mkononi, kazi ambayo watu watamdai hesabu yake.

Sisi wa Ituri tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya Thomas Lubanga ya tarehe 14 Machi 2012, ilihusu watoto wa hapa, waliosajiliwa kuwa askari wakiwa chini ya miaka 15 na kutumwa vitani mwaka 2002 na 2003. Tuliwaita kadogo. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Lakini wapo waliokwenda kwa miguu yao, na leo, wakiwa baba na mama wa watu, ukiwasikiliza hawakuelezi siasa. Wanakueleza kwamba komanda aliwajua kwa majina, aliwapa zamu, na wakisema neno lilisikilizwa. Huyo ndiye tunayeshindana naye. Semina ya siku mbili na soda yake haimwezi.

Basi nieleze tunavyofanya.

Kwanza lugha. Shule zetu ni za Kifaransa, na mtoto anayeogopa kukosea kitenzi mbele ya mwalimu hujifunza mapema kwamba kunyamaza ni salama. Mtoto huyohuyo mkute sokoni akiuza mafuta ya mawese ya mama yake: anabishana, anacheka, anashusha bei, anapandisha. Kwa hiyo kwetu miezi ya mwanzo ni Kiswahili cha Bunia tu, na anayetaka kusema Kibira, Kingiti au Kihema aseme, mwenzake atafasiri. (Wahema na Walendu ndio waliopigana katika vita ile, na vijana hushangaa sana wanapogundua kwamba Wahema wa kaskazini, wa Djugu, wanazungumza Kilendu. Sihitaji kuongeza hotuba yoyote hapo.) Kifaransa kinaingia baadaye, siku ya kuandika barua ya ofisini, kwa sababu ofisi zetu zinafanya kazi kwa Kifaransa. Siku hiyo wanakitafuta wenyewe, wanagombania kamusi.

Pili, usimwambie kijana atoe maoni yake. Mtume akaulize. Ninawapanga wawiliwawili, msichana na mvulana, wa kartie mbili tofauti ikiwezekana, waende kwa mzee, kwa mama wa sokoni au kwa muuguzi, wamuulize mambo matatu, warudi na kuyasema mbele ya wenzao kwa maneno ya aliyeyasema. Aibu inapungua sana, maana hajibebi mwenyewe, amebeba neno la mtu mwingine. Na anapolieleza mara ya pili na ya tatu, utamsikia anaanza kuongeza, "Lakini mimi naona..." Hapo nyamaza. Umefika ulipokuwa unakwenda.

Kuna sharti moja nalishikilia bila huruma: kila anayeleta habari aseme kwanza kama ameona au amesikia. Hapa kwetu uvumi si mchezo. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, huko Kivu Kaskazini na kwetu Ituri, uliua watu 2,287, na sote tunakumbuka maneno yaliyosambaa wakati ule, kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara ya watu fulani, na jinsi wahudumu wa afya walivyofukuzwa kwa mawe. Kijana anayezoea kujiuliza "nimeliona au nimelisikia?" tayari anawazidi wakubwa wengi wenye vyeo.

Tatu ni kazi yenyewe, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kazi iwe ndogo, iwe ya karibu, na iwe ni yao kweli. Nitoe mfano wa bomba. Wasichana wa kundi letu walikuwa wanakosa somo la kwanza la asubuhi kwa sababu ya foleni ya maji. Badala ya kuwapeleka kulalamika, nikawaambia wahesabu. Walipanga zamu wenyewe, wakakaa bombani na daftari kuanzia alfajiri, wakiandika nani amefika saa ngapi na bidoni ngapi, na ametoka saa ngapi. Ikadhihirika kwamba shida haikuwa maji kidogo. Wachuuzi wa maji walikuwa wakifika na mikokoteni iliyojaa bidoni, na wenye kidumu kimoja walisubiri nyuma yao.

Aliyechaguliwa kwenda kwa shefu wa kartie alikuwa binti ambaye wiki zake za kwanza kwetu jibu lake lilikuwa moja, "Sina kitu ya kusema." Alivaa sare ya shule, shati jeupe na sketi ya buluu, daftari amelikumbatia kifuani. Shefu alimsikiliza nusu, kisha akauliza swali ambalo wakubwa wa kwetu hupenda kuwauliza wadogo: "Nani amewatuma?" Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, na nilitamani sana kujibu. Binti akafungua daftari, akasema, "Hakuna aliyetutuma, papa. Sisi ndio tunachota maji." Akaanza kusoma saa na bidoni, mstari kwa mstari, bila kuinua macho. Alipofika ukurasa wa pili shefu alivuta kiti karibu ili aone mwenyewe. Vijana walitoka pale na utaratibu mpya: wanafunzi wahudumiwe kwanza mpaka saa moja asubuhi, mikokoteni baadaye. Haukufuatwa kila siku, nisidanganye. Lakini ulipovunjwa, vijana walijua pa kwenda na wakaenda bila kuniita.

Cheo kwetu ni cha mwezi mmoja. Anayeongoza mwezi huu anafagia uwanja mwezi unaofuata, na mwenye sanduku la michango anasoma hesabu kwa sauti mbele ya wote, hata ikiwa ni franka chache za kununua sabuni. Hilo si uvumbuzi wangu. Harakati ya vijana ya Xaveri, ambayo ilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na padri Georges Defour, imelea vizazi vya vijana wa mashariki ya Kongo kwa njia ya kupeana majukumu ndani ya vikundi vidogo. Ukiwa nayo parokiani kwenu, nenda kajifunze huko kabla ya kuunda chama kipya chenye jina refu na mhuri.

Kuhusu wasichana, tatizo la kwanza ni saa. Mkutano wa saa kumi jioni unamkuta akisonga bugali au akibeba mdogo wake. Tulisogeza muda, tukaruhusu waje na watoto wanaowalea, na nikapita nyumbani kwa kila mama kueleza binti atakuwa wapi, na nani, na atarudi kabla jua halijazama. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na hata bila hiyo hakuna mzazi wa Bunia anayelala vizuri mtoto akiwa nje usiku. Baraza likianza, msichana ndiye anayesema kwanza. Wavulana walinung'unika kidogo, wakazoea.

Usalama una upande mwingine ambao semina haziutaji. Vijana wetu tunawaongoza kwenye maji, choo cha shule, takataka, ada, mwalimu asiyefika darasani. Hatuwatumi kusema hadharani nani ana silaha, wala kundi gani lilipita kijiji gani. Mkubwa anayemsukuma mtoto wa miaka 15 aseme hayo redioni, wakati yeye mwenyewe ananyamaza, hamjengi kiongozi. Anamtumia, kama komanda alivyowatumia wenzake. Na hao wanaokuja na fulana za chama wakati wa uchaguzi, vijana wawaulize nao maswali matatu, kama wanavyomuuliza kila mtu.

Redio iwe ya mwisho. Mji wetu unapenda redio, tuna Candip ya chuo cha ualimu cha ISP, tuna Okapi, tuna nyingine, na kijana yeyote anaota kusikika huko. Lakini aende akiwa na jambo alilolifanya. Kabla ya hapo tunatumia simu: anarekodi dakika moja, anajisikiliza, anafuta, anarekodi tena. Wengi huichukia sauti yao mara ya kwanza. Mwambie kila mtu huichukia ya kwake.

Mkiulizwa mnafanya nini na watoto wa watu, kuweni na karatasi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inampa mtoto wa Kongo haki ya kutoa mawazo yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema hivyohivyo. Nakala moja ndani ya bahasha imewahi kupoza kikao kilichoanza kwa makelele.

Kama unataka kuanza, usisubiri mfadhili. Tafuta vijana watano, mama mmoja ambaye wazazi wa mtaa wanamwamini, na jambo moja linalowaudhi vijana hao kila asubuhi. Wape daftari, waache wahesabu, na wewe ukae karibu na mlango.