SOMO LA UFUNDI: GITA LIMENYAMAZA, USILITUPE

Huku kando ya ziwa ukitaja pikapu watu hufikiria gari la kubeba magunia ya omena. Pikapu ya somo letu ni ndogo, inaenea kiganjani. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi za gita la umeme, kinachosikiliza nyuzi na kupeleka habari kwa amplifaya. Kikifa hicho, gita zima limekufa, hata kama mbao zake ni nzima na rangi bado inang'aa.

Kwa mtu wa Remba jambo hili si dogo. Kutoka kisiwani hadi Mbita ni safari ya mashua, na kutoka Mbita hadi kwa fundi wa Kisumu ni safari nyingine. Hesabu nauli ya kupeleka, nauli ya kwenda kuchukua, na siku za kazi zilizopotea, utakuta umekaribia bei ya gita lenyewe kuukuu. Ndiyo maana magita mengi ya kwaya na ya vikundi vya benga huishia kuning'inizwa ukutani. Na mengi ya hayo, ukiyapima, ugonjwa wake ni waya mmoja tu uliokatika mahali ambapo jicho linaweza kuona.

Kilichomo ndani

Mwaka 1831 mwanasayansi Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya ule waya. Miaka 100 baadaye, mwaka 1931, George Beauchamp huko California alitumia kanuni hiyo hiyo katika gita. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Sumaku inautia uzi wa chuma usumaku kidogo. Uzi ukitetemeka, umeme mdogo sana hutokea kwenye koili, na amplifaya inaukuza. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Hapo hapo utaelewa kwa nini uzi lazima uwe wa chuma. Kijana akikatikiwa na uzi akaweka mshipi wa nailoni wa kuvulia, pikapu haitasikia kitu. Nyatiti nayo siku hizi hufungwa nailoni, kwa hiyo pikapu ya gita haiisaidii, inataka maikrofoni. Lakini waya mmoja uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli utalia, maana ni chuma, ingawa vidole vitalalamika.

Waya wa koili ni mwembamba kama unywele, unene wake ni kama milimita 0.06, na umepakwa varnishi isiyopitisha umeme. Kwenye pikapu ya koili moja, kama zile za Fender Stratocaster, umezungushwa karibu mara 8,000. Ukiunyoosha unazidi kilomita moja. Pikapu ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliibuni mwaka 1955, ina koili mbili zilizounganishwa kinyume ili kuua ule mvumo wa umeme unaosikika wakati hakuna anayepiga. Sasa fikiria kilomita nzima ya unywele wa shaba ukikaa miaka 30 kwenye unyevu wa ziwa, jasho la mikono na moshi wa jikoni. Ajabu ni kwamba nyingi bado zinalia.

Pima kwanza, fungua baadaye

Usikimbilie bisibisi. Mara nyingi pikapu inasingiziwa tu. Jaribu kebo nyingine. Chezesha jeki pale kebo inapoingia. Zungusha nobu ya volyumu huku na huku mara ishirini. Ikikwaruza, ni uchafu. Swichi ya kuchagua pikapu nayo hushika kutu. Ukimaliza hayo ndipo uitazame pikapu yenyewe.

Gita likiwa limeunganishwa na sauti ikiwa ndogo, gusa vichwa vya chuma vya pikapu polepole kwa bisibisi ya chuma. Ukisikia "tok, tok" kwa nguvu, pikapu ni nzima. Ukisikia sauti nyembamba ya mbali kama redio ya jirani, yaelekea waya umekatika; kwa maana hata koili iliyokatika hupitisha sauti kidogo sana, na hilo huwadanganya wengi wakafikiri sumaku imechoka.

Sasa chukua mita, ile ya bei nafuu ya fundi wa redio inatosha. Iweke kwenye omu 20k. Chomeka kebo kwenye gita, fungua volyumu yote, chagua pikapu moja, halafu pima kwenye ncha ya upande wa pili wa kebo, ncha moja ya mita kwenye kichwa na nyingine kwenye shina. Koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 8. Ya koili mbili mara nyingi ni 7 hadi 9, na nyingine hupita hapo. Mita ikionyesha 1 peke yake upande wa kushoto, au OL, waya umekatika. Ikisoma karibu sifuri, kuna waya unaogusana na mwingine, na kosa hilo mara nyingi liko kwenye jeki, si kwenye pikapu. Pikapu ya koili mbili ikisoma nusu ya kawaida, koili moja imeshikana ndani.

Usishtuke mita ikibadilika kati ya asubuhi na mchana. Shaba ikipata joto huongeza ukinzani, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Pikapu iliyosoma 6.0 alfajiri ikasoma 6.2 jua la saa nane si mgonjwa.

Kutafuta mahali palipokatika

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pikapu nyingi huuawa na mkono wenye haraka. Legeza nyuzi, toa skrubu, inua pikapu. Kabla ya kukata chochote chora kwenye karatasi waya upi unakwenda wapi, kwa rangi zake.

Onyo moja kubwa: kama pikapu yako ni ya aina ya zamani ya Fender, ambapo zile sumaku sita zimechomekwa moja kwa moja na waya umezungushwa juu yake, USIZISUKUME sumaku kutoka mahali pake, hata kama zina kutu. Zikisogea tu, zinakwangua mizunguko ya ndani kabisa, na hapo hakuna dawa ila kuzungusha upya. Kutu ya juu iondoe kwa kitambaa na msasa laini, huku koili umeifunika kwa selotepu ili vumbi la chuma lisiingie.

Toa utepe au uzi uliofunika koili polepole. Tazama kwenye mwanga wa jua, ukiwa na glasi ya kukuzia ukiipata. Kuna ncha mbili: ya mwanzo, inayotoka chini kabisa ya koili, na ya mwisho, iliyo juu. Zote mbili zimechomewa kwenye tundu dogo la chuma au kwenye waya mnene. Sehemu hizo ndizo hukatika sana, kwa sababu mtu amevuta waya mnene, au kwa sababu aliyechomea zamani alitumia dawa mbaya. Ukiona alama ya kijani, hiyo ni shaba iliyoliwa.

Kama ncha ya juu ndiyo imekatika, umebahatika. Fungua mzunguko mmoja au miwili kwa sindano, kwangua varnishi taratibu kwa msasa laini, chomea. Kama kijani kimeingia tabaka za juu, weka ncha moja ya mita kwenye mwanzo wa koili, ncha nyingine ishike sindano, udunge varnishi ya waya wa juu. Toa mizunguko kidogo kidogo mpaka mita iamke. Ukitupa mizunguko 200 kati ya 8,000 hiyo ni asilimia 2.5, na hakuna sikio la mwanadamu litakalokushtaki.

Ncha ya ndani ikikatika ni taabu. Ikiwa kimebaki kipande cha kuonekana, hata milimita mbili, unaweza kukiunganisha na waya mwingine mwembamba. Kikiwa kimekatika ndani kabisa, soma sehemu ya kuzungusha upya.

Kuhusu kuchomea: tumia ile risasi ya redio yenye dawa ya sandarusi ndani. Tafadhali usitumie asidi ya kuchomea rejeta au mabati. Itashika vizuri leo, na baada ya miezi michache itakuwa imeula ule unywele. Asiye na pasi ya umeme anaweza kutumia waya mnene wa shaba uliochongwa ncha na kupashwa kwenye makaa. Unapoa haraka, lakini kazi ni ya sekunde mbili tu.

Pikapu inayopiga kelele

Kuna pikapu ambayo haijafa bali inapiga mluzi mkali kila ukiongeza sauti, na ukiisemea karibu inasikia maneno kama maikrofoni. Hiyo koili yake imelegea na inatetemeka yenyewe. Dawa yake ni nta. Yeyusha mishumaa ya kawaida sehemu nne na nta ya nyuki sehemu moja, ndani ya mkebe ulioketi kwenye sufuria ya maji ya moto. Kamwe usiweke mkebe wa nta moja kwa moja kwenye jiko. Nta ikizidi joto hulipuka moto, na katika nyumba za mabati zilizosongamana kama zile za Remba moto hauchomi nyumba moja. Nta ikishayeyuka ondoa sufuria kwenye makaa. Joto linalofaa ni kama nyuzi 65. Maji yakichemka, plastiki ya pikapu itapinda. Zamisha pikapu, acha dakika 15 hadi 20 mpaka mapovu yakome, toa, pangusa, iache ipoe bila kuigusa.

Kuzungusha upya

Ikibidi, inawezekana nyumbani, lakini tenga siku nzima na uwaondoe watoto. Waya mpya ndio bora ukiupata mjini. Pasipo na waya mpya, angalia transfoma ndogo ya adapta ya redio iliyoungua, upande uliokuwa unapokea umeme wa volti 240. Waya wake ni mwembamba, ingawa mara nyingi ni mnene kidogo kuliko unaotakiwa, hivyo mizunguko itakuwa michache na sauti itakuwa ndogo zaidi.

Cherehani ina kile kipini cha kujazia bobini, nacho kinafaa. Drili ya mkono nayo inafaa. Hesabu kwanza: mkono ukizunguka mara moja, kichwa kinazunguka mara ngapi? Kama ni 4, mizunguko 8,000 ni kuzungusha mara 2,000. Andika kijiti kila ukifika 100. Waya uupitishe katikati ya vidole viwili vilivyoshika kitambaa laini, uende na kurudi sawasawa. Ukikatika, unganisha, chomea, funika kwa kipande kidogo cha selotepu na uendelee.

Vijana hupenda kuongeza mizunguko ili sauti iwe kubwa. Mimi siwashauri. Mizunguko ikizidi, sauti nyembamba za juu zinafifia, na benga inaishi kwa sauti hizo. Gita la kwanza la benga, kama lile lililosikika katika Shirati Jazz ya D.O. Misiani (1940–2006), halibebwi na nguvu. Linataka kila uzi usikike peke yake, juu, safi. Nguvu iachie amplifaya.

Ukirudisha pikapu na zote mbili zikifunguliwa pamoja zinatoa sauti nyembamba iliyo tupu katikati, badilisha nyaya mbili za pikapu moja. Lakini kama mojawapo imeunganishwa na kifuniko cha chuma, usibadilishe mpaka umetenganisha kifuniko.

Sumaku iliyochoka kweli ni nadra. Spika kuukuu isogezwe mbali na meza yako, maana sumaku yake inaweza kuivuruga ya pikapu badala ya kuiponya.

Usalama wa mpigaji

Nyuzi za gita zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia kebo. Amplifaya ikivujisha umeme na ikiwa haina waya wa udongo, kama ilivyo mara nyingi tunapotumia jenereta, mpigaji ameshika umeme kwa mikono miwili bila kujua, na midomo yake ikigusa maikrofoni ya chuma anaweza kupoteza maisha. Baada ya kutengeneza gita, weka mita kwenye volti za umeme wa kawaida, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye maikrofoni. Isome karibu sifuri. Ikionyesha zaidi ya volti chache, zima kila kitu. Vyombo vyote vipate umeme kutoka soketi moja yenye waya wa udongo. Na amplifaya yenyewe usiifungue kama hukufundishwa. Ndani yake kuna vyombo vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Mwisho, rekebisha kimo. Bonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho kabisa, halafu pikapu iwe milimita 2 hadi 3 chini yake. Ikikaribia mno, sumaku inauvuta uzi na gita halikubali kupatana. Kisha andika kwenye kipande cha karatasi tarehe, kilo-omu ulizosoma na rangi za nyaya, ukibandike ndani ya gita chini ya kile kibamba cha plastiki. Atakayelifungua miaka kumi ijayo atahitaji namba hiyo.