Mpe Binti Yako Ufunguo wa Chumba Hicho

Shangazi, mwanangu wa kwanza ameingia jeshini. Barua ya mwito ilipofika aliondoka kwenda Eldoret na begi moja, simu yake akaniachia. Baba yake alifariki zamani, na tangu hapo kijana huyu ndiye mwanamume wa nyumba. Nanunua karanga na maharagwe Tororo na kuja kuuza hapa Busia. Biashara hii niliianza nikiwa na mimba yake, lakini siku za karibuni yeye ndiye aliyekuwa akipatana bei na watu wa kule. Tangu aende sijavuka mpaka. Silali. Nikisikia Somalia ikitajwa redioni naishiwa nguvu. Chumba chake nimekifunga kwa kufuli, kitanda kimetandikwa vile vile alivyokiacha, na ufunguo nalala nao. Mdogo wake, msichana wa kidato cha tatu, analala sebuleni kwenye godoro kama kawaida. Simu ya kaka yake ikilia usiku namwamsha aitazame. Dada yangu aliyeolewa Tororo ana mwana katika UPDF, jeshi la Uganda, naye ananiambia nitazoea. Sitaki kuzoea. Nimebaki peke yangu. Nifanyeje?

Mama Kuruta, Busia

Pole, Mama Kuruta, kwa usiku huo mrefu. Lakini kabla ya mengine yote nijibu swali moja: huyo binti wa kidato cha tatu anasomea wapi?

Nyumbani kwako kuna kitanda kisicholaliwa na mtu, na kuna mtoto anayelala chini. Mambo haya mawili umeyaandika yakifuatana, wala sioni dalili kwamba yalikushtua. Ukaongeza kwamba huyo aliye chini ndiye unayemkatiza usingizi, naye asubuhi ana masomo. Kisha ukafunga barua kwa kuniambia umebaki peke yako. Mama, hujabaki peke yako. Unaishi na mtoto ambaye umeacha kumwona.

Hofu yako naiheshimu, na sitakudanganya kwamba jeshi ni kazi kama kazi nyingine. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi ya El Adde iliposhambuliwa, msiba uliingia nyumba nyingi za Kenya. Dada yako naye ana ya kwake. Uganda ilitangulia kupeleka askari Mogadishu mwezi Machi 2007, na Mei 2023 kambi yao ya Buulo Mareer ilipovamiwa, Rais Museveni mwenyewe alitaja wanajeshi 54 waliouawa. Kwa hiyo anapokuambia utazoea, usidhani ana moyo mgumu. Ameishi na hofu hiyo kabla yako. Mwulize analalaje, anafanya nini habari mbaya zinapotangazwa, anamwombeaje mwanawe. Watoto wenu ni ndugu waliovaa sare za nchi mbili, na kwenu mpakani, ambako Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, hilo halimshangazi mtu. Machozi ya mama ambaye mwanawe yuko Kaweweta, kwenye mafunzo ya makuruta wa Uganda, hayatofautiani na yako.

Ila leo hii mwanao hayuko Somalia. Yuko Moi Barracks, Eldoret, katika shule ya makuruta. Anaamshwa alfajiri, anakimbia, anapigishwa kwata, anafundishwa kutii amri na kutunza bunduki. Kuruta hapigi simu apendapo. Ukimya wake ni utaratibu wa kambi, usiufanye kuwa dalili ya balaa. Tena hiyo simu unayomwamshia binti ni ile ile aliyoiacha. Wanaoipigia usiku ni rafiki zake wasiojua kwamba ameondoka. Izime leo ukaiweke kabatini. Yeye akipata ruhusa ya kupiga, atapiga yako.

Wengine watakushauri usali, urudi chamani, uongee na wazazi wenzako wenye watoto jeshini. Ni ushauri mwema, ufuate. Mimi nina langu, nalo nitalishikilia hata likikuudhi.

Katika jamii zetu mtoto aliyeenda mbali ndiye anayetajwa. Tunamwombea kanisani na msikitini, tunawasimulia majirani habari zake, tunahifadhi hata kikombe chake. Anayebaki, hasa akiwa msichana, anageuzwa mikono ya nyumba. Ndiye wa kuteka maji, kuosha sufuria na kumfariji mama, na hakuna anayemuuliza yeye amelalaje. Watu wanauita huo upendo kwa aliyeondoka. Mimi nauita dhuluma kwa aliyebaki. Uchungu wa mzazi haumpi ruhusa ya kuwabagua watoto wake, na mama anayemlilia mmoja hadi akamsahau mwingine atapoteza wawili. Wa kwanza amechukuliwa na kazi. Wa pili ataondoka siku moja bila kuaga vizuri, nawe utashangaa kwa nini harudi.

Huyu binti alifiwa na baba yule yule. Kaka aliyekwenda Eldoret ni kaka yake, labda ndiye aliyekuwa akimsaidia hesabu na kumtetea mtaani. Amekuona ukilia kila siku. Je, wewe umewahi kumwona yeye akilia? Kama hujawahi, usidhani hana machozi. Ameona hayana nafasi, akayaficha ili yasikuongezee mzigo. Na mwaka ujao yuko kidato cha nne, ana mtihani wa taifa mbele yake, huku akisomea mahali ambapo kila anayebisha hodi anaketi.

Juu ya kijana pia nina neno. Ulimpa kiti cha marehemu baba yake akiwa bado mtoto, akakikalia bila kulalamika. Sasa amesimama mbele ya maafisa uwanjani, amepimwa kimo na uzito, amekaguliwa meno, amekimbia na wenzake, akachaguliwa. Hiyo ni kazi ya kwanza aliyoitafuta kwa ajili yake mwenyewe. Usimfanye ajute. Akipiga simu akakukuta unalia, biashara imekufa na mdogo wake hasomi, atarudi kambini na mzigo ambao hakuna mkufunzi atakayemsaidia kuubeba.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye wiki hii. Fungua kufuli. Nguo za kijana zikunje, zitie sandukuni, zihifadhi vizuri. Umpe binti ufunguo mkononi, aingie na godoro lake, vitabu vyake na nguo zake, akipange chumba apendavyo. Usimwambie anakilinda hadi kaka yake arudi. Mwambie ni chake. Kijana akija likizo atalala sebuleni. Aliyelala kambini hatashindwa na godoro la mama yake. Kisha mwombe binti radhi kwa usiku ule uliomwamsha. Mzazi hapungukiwi heshima kwa kumwomba mtoto radhi, huiongeza.

Halafu vuka mpaka. Mwanao alizijua bei za Tororo kwa sababu wewe ulimwonyesha njia. Wauzaji bado wapo, na dada yako yuko mji huo huo, atakwenda nawe sokoni mara ya kwanza. Patana bei mwenyewe. Huenda siku ya kwanza ukapunjwa. Siku ya pili utakuwa umeamka. Ila nakuonya, usimvute binti akawe mwanamume wa nyumba wa pili. Likizoni akitaka kukusindikiza, sawa. Shule zikifunguliwa, kazi yake ni masomo. Kichwa cha nyumba hiyo ni wewe, na kilikuwa wewe hata wakati ule ulipokuwa umejificha nyuma ya mtoto.

Mafunzo yataisha, na kutakuwa na gwaride la kufuzu Eldoret, ambako wazazi huenda kuwaona watoto wao wakipita mbele ya jukwaa. Usiende peke yako. Nauli ya watu wawili anza kuiweka sasa, kutoka kwenye faida ya karanga utakazozinunua kwa bei uliyopatana wewe mwenyewe.