Programu ya Mtu Aliyeondoka: Zana za Kuchambua Msimbo Darasani



Ndugu wasomaji, hasa mnaosoma kompyuta: vyuoni tunafundishwa kuandika programu mpya, lakini ukiajiriwa, kazi ya kwanza aghalabu huwa ni programu ya mtu mwingine ambaye ameshaondoka. Kuichunguza, kuielewa, kisha kuijenga upya bila kuvunja kazi inayofanya ndiko kunakoitwa uhandisi upya wa programu. Chikofsky na Cross, waliopanga istilahi za fani hii mwaka 1990, walitenganisha kuielewa programu na kuibadilisha. Mimi nilizichanganya hatua hizo mbili, na ndiyo sababu ya makala haya.

Muhula uliopita, hapa Kampala, nilisimamia mazoezi ya somo hili kwa wanafunzi 12. Badala ya mfano wa kitabuni tulichukua programu ya mfuko wetu wa mikopo isiyo na riba, ule unaomsaidia mwanafunzi akikwama ada. Iliandikwa kwa PHP na ndugu aliyehitimu zamani, haina maelezo hata mstari mmoja. Tulifanyia kazi nakala, tukafuta majina na kubakiza namba za uanachama, maana deni la mtu ni siri yake.

Zana ya kwanza ilikuwa PHPMD. Miongoni mwa mambo inayopima ni ugumu wa funksheni kwa kipimo alichokipendekeza McCabe mwaka 1976. Hakihitaji hisabati kubwa: hesabu kila mahali programu inapochagua njia, yaani kila sharti na kila mzunguko, kisha ongeza moja. Funksheni yenye masharti matatu na mzunguko mmoja ina ugumu wa 5. McCabe aliona 10 ni kikomo cha busara. Funksheni yetu ya kukokotoa deni ilipata 38! Zana ya pili, PHPCPD, hutafuta msimbo ulionakiliwa. Ikatuonyesha mistari 42 iliyojirudia katika funksheni mbili, moja ya wanachama walioko chuoni na nyingine ya waliohitimu.

Wanafunzi walifurahi. Wakaziunganisha funksheni mbili kuwa moja, wakaigawa ile kubwa vipande vipande, na ripoti ikawa safi. Chini ya mistari iliyonakiliwa, upande wa waliohitimu, palikuwa na sharti lililouliza kama hali ya mwanachama ni 7. Hakuna aliyejua 7 ni nini, wakalitupa. Nami niliwasifu na kuwapa alama nzuri.

Kabla ya kuiweka kazini nilimpelekea mweka hazina orodha ya wadaiwa iliyotoka kwenye programu mpya. Alifungua daftari lake, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, hapa kuna watu 14 tuliokwisha kuwasamehe. Na huyu wa 163 ni marehemu, tulimzika." Namba 7 ilikuwa na maana ya aliyesamehewa. Kama orodha ile ingetumika, ujumbe wa kudai ungefika kwenye simu ya mama yake.

Zana haikukosea. Iliulizwa kuhusu umbo la msimbo, ikajibu kuhusu umbo la msimbo. Kosa lilikuwa langu: niliwafundisha kupunguza namba. Kitabu cha Demeyer, Ducasse na Nierstrasz cha mwaka 2002 kuhusu fani hii kinashauri tangu mwanzo uzungumze na wanaoitunza programu, na uupitie msimbo wote kwa saa moja. Nilikuwa nimekisoma. Nikaruka kurasa hizo kwa sababu zana ina grafu na rangi, na mazungumzo hayana.

Tulianza upya, safari hii mweka hazina akikaa nasi alasiri nzima na kutueleza kila namba ya hali. Kisha tukaandika majaribio ya aina anayoieleza Michael Feathers katika kitabu chake cha mwaka 2004: hujaribu kwanza kujua programu inapaswa kufanya nini, unanasa inachofanya sasa. Tulichukua wanachama 60, wa kila hali, tukaendesha programu ya zamani na kuhifadhi majibu yake. Baada ya kila badiliko dogo tuliendesha tena na kulinganisha. Jibu likitofautiana hata kwa shilingi moja, tunarudi nyuma.

Na zana? Sasa kila kikundi huandika kwanza kwenye karatasi ni funksheni ipi wanadhani ni mbaya zaidi na kwa nini, ndipo huiendesha. Alama natoa kwa onyo waliloamua kuliacha wakaeleza sababu, kuliko kwa maonyo waliyoyaondoa. Wengine hulalamika kwamba ni kazi ya kuandika, si ya kompyuta. Walalamike tu.

Majaribio ya namna hii yana udhaifu: hunasa hata makosa ya zamani na kuyalinda. Tulikuta moja. Mwanachama akilipa mara mbili siku moja, programu huhesabu malipo ya mara moja tu, kwa hiyo kuna watu wanaodaiwa pesa waliyokwisha kuilipa. Wanafunzi walitaka kulirekebisha usiku uleule, kimyakimya. Niliwazuia. Tumeiandikia kamati ya mfuko barua pamoja na namba za wahusika, ili kila mmoja aitwe aelezwe, na kosa lenyewe tutalirekebisha kamati ikishajibu.