Nimekula fedha za jumuiya na Majilio yanakaribia

 

Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani, naishi Morogoro. Huu ni mwaka wa tatu nikiwa mhazini wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo. Mwezi wa nane mtoto wangu wa mwisho alishikwa na nimonia usiku, mume wangu akiwa safarini na lori. Hospitali walitaka fedha nami sikuwa na kitu. Nilichukua Sh240,000 za mfuko wa jumuiya, nikijua baba yake akirudi nitazirudisha. Lori likaharibika njiani, akarudi mikono mitupu. Sikumwambia. Mpaka leo nimerudisha Sh60,000 tu. Halafu mwezi wa kumi nikachukua tena Sh45,000 za kitenge cha sare ya hija, maana wenzangu wote walishalipa.

Mwenyekiti ametangaza kwamba hesabu zitasomwa Jumamosi ya kuamkia Dominika ya kwanza ya Majilio, ili tujue tutawanunulia nini wagonjwa na wazee wetu. Usingizi umenipaa. Nimewaza kukopa kausha damu. Nimewaza kuandika kwenye daftari kwamba rambirambi zilikuwa nyingi mwaka huu. Nimewaza pia niungame kwa padre, yaishe hapo, halafu niwe naweka kidogo kidogo kwenye kapu la sadaka kila Jumapili mpaka deni liishe, Mungu atajua. Lakini padre anaijua sauti yangu, naogopa atamwambia mwenyekiti. Mume wangu nimwambie au ninyamaze? Na Komunyo je, naruhusiwa kupokea?

Mhazini, Morogoro

 Mwanangu. Umeniandikia mengi kuhusu fedha, lakini hukusema mtoto anaendeleaje. Namwombea awe amepona kabisa.

Nianze na kausha damu, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Usikope huko, hata kama hesabu zingesomwa kesho asubuhi. Wakopeshaji wa kausha damu wanataka marejesho ya kila siku au kila wiki, na dhamana watakayoitaka kwako ni cherehani. Cherehani hiyo ndiyo itakayolipa deni la jumuiya. Desemba ni mavuno ya mafundi: magauni ya Noeli, sare za kwaya, nguo za ubatizo. Ikibebwa kwa deni la Novemba, utalipa kwa kitu gani? Na kuna jaribu jingine ambalo hukulitaja, ila litakujia wateja wakianza kuleta vitambaa, nalo ni kuchukua advansi ya mteja uzibie pengo la jumuiya. Tarehe 24 atadai gauni lake, na hapo utakuwa umewakosea wengine tena. Advansi inunue uzi, zipu na bitana ya mwenye nguo. Ujira wa mikono yako, nguo ikishakabidhiwa, huo ndio wako na huo ndio wa kulipia.

Sasa kitubio. Hofu kwamba padre atamwambia mwenyekiti iondoe kabisa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inamkataza padre kumfichua aliyeungama, kwa neno au kwa njia nyingine, kwa sababu yoyote ile. Kanuni ya 984 inamkataza hata kuitumia habari ya maungamo kwa namna itakayomdhuru mwungamaji. Kwa hiyo hawezi kumnong'oneza mwenyekiti, hawezi kukuondoa uhazini kwa sababu ya alichosikia pale, wala hawezi kukugeuza mfano wa mahubiri. Padre anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo, bila kungoja kutamkiwa hukumu. Kama sauti bado inakutia aibu, nenda parokia ya jirani. Kanuni ya 991 inampa kila mwamini uhuru wa kuungama kwa padre yeyote mwenye mamlaka ya kuungamisha.

Ila nenda mapema. Usisubiri ile wiki ya mwisho kabla ya Noeli, kanda zinapopangiwa siku, mapadre wanaazimwa kutoka parokia nyingine na mistari inafika nje ya mlango wa kanisa. Jambo lako linataka padre asiye na haraka. Nenda siku ya kazi baada ya Misa ya asubuhi, umwombe muda.

Yaishe hapo? Hapana, mwanangu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha kwamba dhambi nyingi zinamdhuru jirani, na aliyekosa hana budi kufanya linalowezekana kurekebisha madhara hayo. Mfano wa kwanza unaotolewa pale ni kurudisha vilivyoibwa. Ondoleo linafuta dhambi. Sanduku la jumuiya linabaki na upungufu uleule. Padre akikuuliza umepanga kurudisha vipi, uwe na jibu lenye kiasi na tarehe.

Kapu la sadaka halikufai pia. Sadaka ya Jumapili inakwenda parokiani, ilhali mfuko ulioupunguza ni wa jumuiya, wa kutazama wagonjwa na misiba ya nyumba zenu. Ukiweka Sh5,000 kila Jumapili, deni lako la Sh225,000 litachukua Jumapili 45, parokia itakuwa imepokea zawadi, na yule bibi mnayempelekea unga na sabuni bado atakuwa hajapata chake. Mungu anajua, ndiyo. Bibi ndiye hajui kwa nini mwaka huu mmekuja na kifurushi chepesi.

Katika Majilio tunamsikia Yohane Mbatizaji kila mwaka, Dominika ya pili na ya tatu. Soma Luka sura ya 3, pale makutano wanapomuuliza wafanye nini. Watoza ushuru hakuwatuma hekaluni na sadaka kubwa zaidi, wala hakuwaongezea siku za kufunga. Aliwagusa palepale fedha zinapopita mikononi mwao: wasitoze zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari nao aliwakataza kunyang'anya watu. Kisha usome habari za Zakayo, sura ya 19. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na mbali na hiyo akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Alijua kutoa ni kitu kimoja na kurudisha ni kingine. Wewe mwaka huu usihangaike na bahasha nono ya Majilio. Toleo lako la Majilio ni kurudisha Sh225,000, mkononi mwa wale uliowachukulia.

Sasa nikuambie kinachoniuma kuliko yote katika barua yako. Mfuko ule ni wa wagonjwa. Mtoto wako alikuwa mgonjwa. Usiku ule ungempigia simu mwenyekiti ukasema mwanangu anashindwa kupumua, baba yake yuko njiani, sina kitu, huenda fedha zilezile zingetoka kwa idhini ya wote, na asubuhi akina mama wangekuwa mlangoni na chupa za uji. Hukupiga. Nadhani ulijiona wewe ni mhazini, mtu wa kuwaandika wanaosaidiwa, ukaona haya kuandikwa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1973, na tena 1976, wakaazimia kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa liwe pale watu wanapojuana kwa shida na kwa raha. Kukutana kila wiki nyumba hadi nyumba, kusoma Injili ya Jumapili na kuhesabu michango, halafu mama akose wa kumwamsha usiku mtoto akizidiwa, hilo si kosa lako peke yako. Jumuiya nzima inapaswa kujitazama hapo.

Lakini sitakufariji kupita kiasi. Fedha za hospitali na fedha za kitenge si jambo moja, na naamini unalijua hilo, maana mambo ya kitenge umeyapitisha kwa sentensi moja. Agosti ulichukua kwa sababu mtoto alikuwa hatarini. Oktoba ulichukua kwa sababu mkono ulishazoea njia. Ukiungama, usiyafunge yote katika kifurushi cha mtoto kuumwa. Hayo ya kitenge yataje yenyewe, na utaje ulichokiogopa, kuonekana umebaki nyuma.

Hapa nina neno kwa viongozi wa parokia na vyama vya kitume wanaosoma safu hii, nami nalisema kwa uchungu. Orodha za waliolipa na wasiolipa zinazosomwa hadharani zinawavunja watu. Kanuni ya 848 inawataka wahudumu wa sakramenti wahakikishe daima kwamba wahitaji hawakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kitenge si sakramenti, najua, wala kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili ya sare. Lakini mama anayeona afadhali aibe kuliko kwenda hija na gauni lake la kila siku amefundishwa mahali fulani kwamba gauni hilo halitoshi. Tukomeshe orodha hizo kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio. Na hesabu za jumuiya zisomwe kila mwezi. Kumwachia mtu mmoja sanduku, daftari na ufunguo mwaka mzima ni kumtwika majaribu asiyoyaomba.

Turudi kwako. Mwambie mume wako kwanza, kabla ya mwenyekiti. Habari ya jumuiya ikitoka nyumba ya kwanza asubuhi, adhuhuri imeshafika ya mwisho, na hastahili kuisikia kijiweni kwa madereva wenzake. Mwambie siku aliyopumzika, ameshakula, watoto hawapo. Mwambie ulimficha kwa sababu alirudi akiwa amevunjika moyo na hukutaka kumwongezea. Huenda atakasirika, zaidi kwa kufichwa kuliko kwa fedha. Mwache akasirike. Deni hili mkilibeba wawili ni jepesi zaidi, na naye ni baba wa mtoto aliyetibiwa.

Kisha nenda kwa mwenyekiti, siku chache kabla ya Jumamosi ya hesabu, nyumbani kwake, si kwa simu. Chukua daftari. Wazo la kuongeza rambirambi lifute, maana kila msiba uliouandika una familia yake, na familia inajua ilipokea shilingi ngapi. Chukua na fedha yoyote uliyonayo, hata Sh30,000. Mwambie bila kuzunguka kwamba mfukoni pamepungua Sh225,000, ulizichukua wewe, Agosti kwa hospitali na Oktoba kwa kitenge, hizi ni za kuanzia na zilizobaki utazilipa kwa tarehe hizi na hizi. Usianze na machozi. Ukianza kulia atakunyamazisha kwa huruma kabla hujataja kiasi, na utarudi nyumbani na mzigo wako. Mwambie pia uko tayari kukabidhi uhazini siku hiyohiyo. Wakikubakiza, omba sanduku litunzwe na mtu mwingine nawe ubaki na daftari.

Si lazima usimame mbele ya watu wote ujianike. Hata mwenye kosa ana haki ya kulindiwa jina lake, na jinsi ya kuwaeleza wanajumuiya mnaweza kupanga na mwenyekiti na katibu. Lakini hesabu itakayosomwa iwe ya kweli, na mwanajumuiya akiuliza upungufu umetoka wapi, jibu litoke kinywani mwako.

Wapo watakaokusema. Mmoja au wawili watakuhesabia mpaka Pasaka. Wapo pia watakaokuja jioni kukuambia kwamba hata wao waliwahi kukwama. Usimchukie wa kwanza, na wa pili usimtumie kama shahidi wa kujitetea.

Watakapopanga siku ya kwenda kuwaona wagonjwa na wazee, nenda nao. Beba unga kama wengine. Usijifungie ndani kwa aibu, maana bibi anayelala kitandani anahitaji mtu wa kumfulia shuka, na mikono yako haina upungufu wowote.

Kuhusu Komunyo, fuata mpangilio huu: ungama kwanza, kwa majuto ya kweli na nia ya kulipa, kisha pokea. Hakuna sheria inayokutaka usubiri shilingi ya mwisho irudi mfukoni ndipo uisogelee meza. Majilio huanza kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na siku zake za mwanzo zinatuelekeza kwenye kurudi kwa Bwana kabla ya kutupeleka horini, kwa hiyo tangu Dominika ya kwanza tunaambiwa tukeshe. Padre akikuondolea dhambi wiki hii, na mwenyekiti akiwa ameshasikia kutoka kwako, Dominika hiyo ya kwanza kaa kwenye benchi lako la kila siku na upokee. Malipo ya Januari utayapeleka Januari, kwa tarehe uliyoahidi, na udai risiti.