Redio Ikinyamaza, Kombania Iende

Kamanda anayengoja redio irudi hewani ndipo aamue, ameshachelewa. Maamuzi ya saa ya kukatikiwa mawasiliano hufanywa mapema, kwa mdomo, kikosi kikiwa bado kambini.

Unapotoa amri, anza na kusudio. Usimwambie luteni ashike daraja tu. Mwambie unataka adui asivuke mto kabla ya alfajiri. Akifika akakuta daraja limeshavunjwa na wewe hupatikani, atajua pa kuelekea. Mtake akueleze kusudio hilo kwa maneno yake. Akikariri ya kwako neno kwa neno, hajaelewa, hata kama amekupigia saluti safi.

Kisha mpatane ukimya una maana gani. Zikipita saa mbili bila kusikilizana, aendelee, asimame au arudi? Jibu liwe moja, na kila kiongozi wa platuni alijue. Teua na matarishi wawili, kila mmoja na njia yake.

Tarishi si mambo ya kale. Mwaka 2002, katika zoezi la Marekani lililoitwa Millennium Challenge, jenerali mstaafu Paul Van Riper aliongoza upande wa adui. Alikwepa redio ambazo zingenaswa, akatuma amri kwa pikipiki na ishara za taa. Katika hesabu za zoezi alizamisha meli 16 za kivita. Waandaaji wakazifufua, zoezi likaendelea. Vitani hakuna wa kukufufulia meli.

Mimi huiogopa zaidi redio iliyo nzima. Agosti 1914, huko Prussia Mashariki, Warusi walirusha amri hewani bila kuzifumba. Wajerumani wakazinasa, wakajua jeshi la Jenerali Samsonov wa Urusi linaelekea wapi, wakalizingira karibu na Tannenberg. Samsonov akajiua. Basi kabla ya kubonyeza kitufe, jiulize: adui akiyasikia haya, yatamfaa kwa muda gani? Amri ya kufyatua sasa hivi yaweza kupita wazi, maana risasi itamfikia kabla hajaifasiri. Mahali mtakapolala kesho, hapana. Na sauti ikikupa amri ya ghafla, hata ikifanana na ya mkuu wako, idai neno la siri kwanza.

Mazoezini, zima redio bila kumwonya mtu. Anza na yako: mkabidhi mwamuzi wa zoezi, ukae kando, uone kombania inaelekea wapi.